Ngozi ya Upande wa Nani

Katika miaka ishirini na sita, hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuvuka kizingiti cha duka la Henriette. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwezi wa saba, mwanamke kijana alipoingia na mtoto mgongoni, Henriette hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta.

“Photocopie, ao barua ya kupiga?” aliuliza.

“Hapana, mama. Natafuta tantine Henriette.” Mwanamke alisita. “Minye ni Chérie. Mutoto ya papa Godefroid.”

Henriette alikuwa na miaka hamsini na mbili. Duka lake, ambalo watu wa Likasi huliita secrétariat public, lilikuwa chumba kimoja karibu na ofisi ya meya: kompyuta mbili, mashine ya photocopie, benchi la kungojea. Aliwapigia watu barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, matangazo ya misiba. Siku zote mikono yake ilikuwa ndani ya glavu nyeupe za pamba, na wateja walidhani anajikinga na wino. Jioni alifunga mlango, akatembea hadi nyumbani kwake mtaa wa Kikula, akapika bukari, ugali wa huko, ya mtu mmoja, akalala. Kaka yake Godefroid aliishi katika mji huohuo, upande wa Panda. Walionana kwenye matanga tu, kila mmoja na kiti chake, mbali.

“Papa yako njo alikutuma?” aliuliza.

“Papa hajue kama niko hapa. Ni docteur. Aliuliza mu famille, nani alikuwaga na ugonjwa ya hivi. Nikasema hakuna. Papa naye akasema hakuna. Kisha nikamupigia tonton Papy, ndugu yenu mudogo, kule Lubumbashi, akaniambia: ‘Na Henriette, mulimusahau?’”

Chérie alifungua kitambaa, akamkalisha mtoto juu ya benchi. Aliitwa Elikia, wa miaka miwili. Ilikuwa kiangazi, majira ya baridi kavu ambayo huko Likasi hupasua midomo ya watu wazima, sembuse ngozi ya mtoto. Ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, imekuwa nene, na mahali pengine imechanika. Mashavuni palikuwa na mabaka meupe, pale Chérie alipopaka krimu aliyonunua sokoni. Mtoto hakulia. Alijikuna tu, taratibu, kama mtu mzima aliyezoea kazi yake.

Henriette alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akavua glavu.

Chérie aliangalia ile mikono, mistari yake mirefu iliyochimbika, vidole vilivyopasuka kwenye maungio, akaweka mkono mdomoni.

“Ni ile ile,” alisema.

“Ni ile ile,” Henriette alijibu.

Yeye alianza kuwashwa kabla hajajua kusema. Baba yao alifanya kazi katika karakana za kampuni ya madini, nao walikaa katika nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili. Godefroid, aliyemzidi miaka mitatu, alilala naye kwenye mkeka mmoja, na joto lilipozidi alimpuliza mikononi mpaka pumzi inamwisha. Hayo Henriette aliyakumbuka vizuri, na ndiyo yaliyofanya mengine yawe magumu zaidi.

Alipofika miaka saba, mama yao, Philomène, alikuwa na mimba ya Papy. Jumamosi moja mama alikunja nguo za Henriette, akazitia ndani ya foronya, akamwambia atapelekwa Kapolowe kwa kambo, yaani bibi, Alphonsine, shangazi wa mama. “Mpaka mutoto azaliwe, akomae kidogo. Hii kintu yako isimushike.” Baba ndiye aliyempeleka. Mama alibaki mlangoni, amevaa blauzi ya mikono mirefu kama kawaida yake, wala hakutoka hadi barabarani.

Papy alizaliwa, akakomaa, akaanza shule. Hakuna aliyekuja kumchukua Henriette.

Alphonsine hakuwa mtu mbaya. Alilima mahindi na njugu, aliongea kidogo, na kila jioni alimuosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta ngozi ingali mbichi, kabla maji hayajakauka. Alikula naye sahani moja. Lakini shuleni, kwenye misheni, hakuna aliyekubali kukaa naye benchi moja. Alimaliza miaka yote ya shule akiwa na benchi lake peke yake, na sista mmoja aliwahi kumsifu kwamba daftari zake ni safi kwa sababu hana wa kumsukuma kiwiko.

Alirudi Likasi msichana mkubwa, akapanga chumba, akajifunza kupiga mashine. Ngozi ya mwili ilikuwa imetulia, ikabaki mikononi. Akiwa na miaka ishirini na sita akapata mchumba, Étienne, mwalimu wa Mulungwishi, mtu mpole aliyempigia mluzi kutoka mbali ili asimshtue. Wajomba wa Étienne walikuja kwa ajili ya posa. Baba alikwisha kufa, kwa hiyo Godefroid ndiye aliyewapokea. Waliondoka kabla chakula hakijaiva. Henriette alimkuta kaka yake uani.

“Uliwaambia nini?”

“Niliwaambia kweli. Weye uko na ugonjwa mu damu, na itaingia mu batoto. Ni muzuri bajue mbele.”

Étienne aliandika barua mbili, kisha akaacha. Tangu siku ile Henriette hakumwita Godefroid yaya, kaka mkubwa, tena.

Hayo yote hakumwambia Chérie. Alimwambia tu: “Docteur anakuya siku gani?”

“Alhamisi.”

“Nitakuya. Na ile krimu ya soko, uitupe leo.”

Daktari aliitwa Laure. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyetoka Lubumbashi mara mbili kwa mwezi kuwatibu watoto hospitalini. Alipomwona Henriette, hakuuliza kitu kabla ya kuomba mikono yake. Aliishika bila glavu, akaigeuza, akafuata mistari ya kiganja kwa kidole gumba. Henriette alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu alipomshika mikono, akakosa.

“Ilianza wakati gani, mama?”

“Mbele ya kusema.”

Daktari alichukua karatasi nyeupe, akaanza kuchora. Mwanamke ni duara, alieleza, mwanaume ni mraba, na mwenye ugonjwa anatiwa wino. Chini kabisa aliweka duara la Elikia, akalijaza. Juu yake Chérie, tupu, pamoja na mume wake Rolly. Juu ya Chérie, Godefroid.

“Papa yako, hana kitu? Ata asthme? Ata mafua yenye haiishe?”

“Papa anakohoaga,” Chérie alisema polepole. “Iko na pompe ya kuvuta dawa. Lakini hapendi bantu bajue.”

Daktari alijaza nusu ya mraba wa Godefroid. Kando yake akaweka duara la Henriette, akalijaza lote.

“Una batoto ngapi, mama Henriette?”

“Sina.”

Kalamu ilisimama kidogo. Chini ya duara lake hakukuchorwa mstari. Karatasi nzima ilikuwa imejaa mistari inayoshuka, na yeye alikuwa pembeni, doa jeusi lisilo na kitu chini yake.

“Na mama yenu?”

“Sijue,” Henriette alisema. “Sikukaa naye sana.”

Laure aliwaeleza pole pole, akichanganya Kiswahili na Kifaransa. Ngozi, alisema, ni kama ukuta wa matofali. Kuna watu wanaozaliwa na udongo dhaifu kati ya tofali na tofali. Maji ya ndani yanatoka, vumbi la nje linaingia, mwili unakasirika na kuanza kupigana hata pasipo na adui. Huo udhaifu unatoka kwa wazazi. Si kitu kimoja, ni vingi vidogo vidogo vinavyokutana, na baridi, vumbi na sabuni kali huamua mengine. Ndani ya ukoo mmoja unaweza kumpata mtu kwenye ngozi, ndugu yake kwenye kifua, mwingine kwenye pua.

“Wazungu, kwao, walipata gène moja, alama ya urithi, yenye inarudia rudia,” alisema. “Kwetu hiyo haionekane sana. Yetu bado banaitafuta. Bahati mbaya bantu yetu hawakupimwa mingi.”

“Inaambukiza?” Chérie aliuliza.

“Hapana. Ata siku moja. Unaweza kulala naye, kula naye, kumunyonyesha.”

Henriette alijua hilo. Alilisoma mwenyewe miaka mingi iliyopita, katika kijitabu alicholetewa kupiga photocopie. Lakini kulikuwa na neno ambalo hakuwahi kumpata wa kumuuliza.

“Docteur. Kama ningezaa?”

Laure alimtazama. “Pengine mumoja angeipata. Pengine hakuna ata mumoja. Hakuna mwenye angekuambia kweli mbele ya wakati.” Kisha akaongeza, kwa upole, kwa sababu hakujua uzito wa alichokuwa anasema: “Na kama angeipata, angekuwa tu mutoto mwenye kujikuna. Ungemupaka mafuta. Njo ile tu.”

Henriette alivaa glavu zake. Njiani alitembea mbele ya Chérie ili asionekane uso.

Kwa wiki sita baada ya hapo, Chérie alimleta Elikia dukani kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza nguo zake sokoni. Henriette alikuwa na beseni nyuma ya mashine ya photocopie. Alimuosha kidogo, bila kumsugua, akampaka safu nyembamba ya dawa ya daktari pale palipochachamaa, kisha vaselini mwili mzima ungali mbichi. Alimshonea fulana ya pamba laini kutoka kwenye shuka lake kuukuu. Mtoto alijifunza kusema “Tantine, pakaa,” akinyoosha mikono. Wateja waliuliza: “Ni mujukuu yako?” Henriette aliitikia ndiyo, na kila mara moyo ulimpiga kama aliyeiba.

Siku moja Chérie alikuja na macho mekundu. Mume wake Rolly alikuwa Kolwezi, akinunua na kuuza madini ya wachimbaji wadogo, na mama mkwe wake alikuwa amepiga simu.

“Banasema ni ya upande yetu. Mu kanisa yao banasema kuna mulango ya mashetani mu famille yetu haikufungwa. Banataka nifunge siku tatu bila kula.”

“Ya mulango ni uongo,” Henriette alisema. “Ya upande ni kweli. Ni ya upande yetu. Uwaambie hivyo, bila haya. Na usimunyime mutoto dawa.”

“Bakinifukuza?”

Henriette alimkamata mkono.

Mwisho wa mwezi wa nane Rolly alikuja kuwachukua waende kuishi naye Kolwezi. Alikuwa kijana mwenye adabu, alishukuru mara tatu, akabeba beseni na chupa mpya ya vaselini. Ngozi ya Elikia ilikuwa imelainika, viwiko vyake vimerudia rangi yake mwenyewe. Mtoto alipungia mkono kutoka kwenye bega la baba yake, na wakapotea nyuma ya magari ya ofisi ya meya. Henriette akarudi kwenye kompyuta. Alikuwa na tangazo la msiba la kumaliza, akaliandika vibaya mara mbili.

Jioni zile za mwezi wa tisa zilikuwa ndefu kuliko zote alizozijua. Zamani alikuwa peke yake bila kitu cha kupimia upweke huo. Sasa alikuwa nacho.

Godefroid alikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha. Henriette alisikia kifua chake kabla ya kumwona, filimbi nyembamba nyuma ya mlango. Alikuwa amezeeka. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka kofia gotini, akangoja hadi mteja wa mwisho aondoke.

“Chérie aliniambia mulienda kwa docteur,” alisema.

“Tulienda.”

“Alikuuliza juu ya maman?”

“Aliniuliza. Nikasema sijue.”

“Minye, Chérie aliniuliza kabla yako. Nikasema hapana, hakukuwa na kitu.” Alikohoa, akapangusa mdomo. “Nilidanganya.”

Henriette alizima mashine ya photocopie.

“Wakati maman alikuwa anakufa,” Godefroid alisema, “infirmière mwenye kumutunza alikunja mikono ya blouse yake ili amutie sérum mu mushipa. Nikaona. Hapa ndani ya viwiko, na hapa ku shingo chini ya kola. Ile ile kama yako. Maisha yote, Henriette, na siye hatukuona. Nikamuuliza. Akasema alikuwaga nayo tangu mutoto. Mu kijiji batoto bangine balimuitaka nyoka. Kambo Alphonsine njo alimulea, njo alimupaka mafuta mpaka ikatulia, akaolewa na papa akivala blouse ya mikono mirefu.”

“Kambo alijua,” Henriette alisema, kama anajiambia mwenyewe.

“Alijua. Sasa weye ukazaliwa nayo, na kila wakati bandugu ya papa balikuya, balikuangalia weye, kisha banamuangalia maman. Upande ya nani? Akaogopa batamurudisha kwao. Aliniambia hivi: ‘Kama ningefukuzwa, batoto bote bangebaki bila mama. Nikatoa mumoja.’”

Mtu alipita nje akisukuma baiskeli yenye makaa. Henriette alingoja sauti ya magurudumu iishe.

“Ile ya kusema itamushika Papy?”

“Alijua haishike muntu. Yeye mwenyewe alilala na siye bote.”

“Imepita miaka sita tangu maman alikufa,” Henriette alisema. “Miaka sita unajua, unanyamaza.”

“Kama ningekuambia ya maman, ungeniuliza ya Étienne.”

“Ndiyo. Ningekuuliza.”

Godefroid aliinamisha kichwa. “Siku ile sikujua kitu. Niliwaza nasema kweli.” Akashindwa kuendelea, filimbi ikampanda, akatafuta mfukoni kitu ambacho hakuwa nacho. “Ni vumbi ya njia.”

“Hakuna vumbi, mvua ilinyesha jana. Ni kintu moja, Godefroid. Kwangu iko inje. Kwako iko ndani.”

Alimchotea maji. Alikunywa taratibu mpaka pumzi ikatulia. Ilionekana anangoja neno, na Henriette alilitafuta kwa dhati, akapekua moyo wake wote kama mtu anayepekua droo, wala hakulipata. Alimwambia arudi nyumbani kabla mawingu hayajafunga. Mlangoni alimpa mkono, bila glavu, naye Godefroid akaushika kwa mikono miwili.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja Henriette alifunga duka, akaenda hospitali. Alikaa kwenye foleni ya akina mama wenye watoto, yeye pekee bila mtoto. Mwanamke aliyekuwa karibu naye aliona mikono yake isiyo na glavu, akavuta kiti chake mbali. Zamu yake ilipofika, Laure alishangaa.

“Elikia iko na shida?”

“Elikia iko muzuri. Nilikuya juu ya ile karatasi. Mama yetu alikuwaga nayo.”

Laure aliitoa karatasi kwenye faili. “Haitabadilisha dawa, mama.”

“Najua. Nataka tu iandikwe.”

Daktari alijaza duara la juu, akauliza jina, akaandika pembeni: Philomène. Henriette aliinama kuangalia. Mstari ulitoka kwenye duara lile jeusi ukaja moja kwa moja kwake. Miaka yote alijiona mwanzo wa kitu kile, kama kwamba kilikosea njia na kumwangukia yeye. Kumbe alikipokea kutoka kwa mtu.

Jumapili Chérie alipiga simu kutoka Kolwezi na Henriette akamsimulia. Chérie akasema kwamba alikwisha kumwambia mama mkwe wake neno lile, kwamba ni ya upande wao. Mama mkwe alikaa wiki nzima bila kumsemesha. Halafu siku moja akaja jikoni akauliza ni mafuta gani anayompaka Elikia, kwa sababu mtoto wa binti yake mwenyewe ameanza kujikuna.

Henriette alicheka, na kicheko kilimshtua, kilivyosikika kikubwa ndani ya chumba kile.

Simu za Jumapili ziliendelea hadi Noeli, kisha zikaja moja moja. Chérie alikuwa na biashara, na mimba nyingine. Godefroid hakurudi dukani, ila siku ya mwaka mpya alimtumia ujumbe wa maneno manne: Tuko wazima, Mungu asifiwe. Henriette alimjibu kwa manne vilevile.

Mwezi wa pili, alasiri moja ya Jumapili, alikwenda makaburini, mahali ambapo hakuwa amefika tangu siku ya mazishi. Nyasi zilikuwa zimepanda hadi magotini na ilimchukua muda kupata msalaba wa Philomène. Aling'oa nyasi zote, akapangusa jina. Mikono ilimuuma. Alikuwa amefikiri kwamba akifika hapo maneno yatakuja yenyewe, ya hasira au ya kusamehe, lakini alisimama tu, mwanamke mzima na udongo kwenye vidole.

“Ungeniambia, maman,” alisema mwishowe. “Tungekuwa wawili.”

Alikaa chini kidogo, kando ya kaburi. Kisha akaondoka, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na Kikula ni mbali.